Wakili Mmoja, Wateja Wawili

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Hatimaye nimepewa kesi ya kushika mwenyewe! Tangu nianze uanagenzi katika ofisi hii nimekuwa mbeba faili tu, natembea nyuma ya Wakili Mohamednoor kama kivuli. Leo asubuhi ameniita ndani. Rage alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, birika la chai mbele yake, bakora ukutani.

Nani Garissa hamjui Rage? Mwenye maboza ya maji. Kiangazi hiki vijiji vyote vya kuelekea Modogashe vinakunywa kwenye malori yake. Mwaka ule serikali ilipotusahau, boza lake lilifika mpaka Tarbaj, kwa bibi yangu. Hooyo, mama yangu, bado humwombea dua. Nikamwamkia kwa heshima zote — adeer, ami yangu, habari za nyumbani — naye akaniita binti yangu.

Kesi yenyewe: mwezi jana boza lake moja lilimgonga mama mmoja, Saynab, anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Mguu umekatwa juu ya goti. Dereva ni Ayanle, mtu wa Takaba, hana ndugu hapa. Ameshtakiwa kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Mara ya kwanza alikana. Sasa atabadilisha jibu, akiri, iishe. Alhamisi ya wiki ijayo.

Nikauliza mbona bado yuko rumande. Hakimu alitaka mdhamini, wakasema, hakupatikana. Nikamtazama Rage. Mtu mwenye maboza sita hawezi kumdhamini dereva wake? Akapuliza chai.

Nikauliza jingine. Sisi tunamtetea nani hasa? Wakili akasema wote. Rage kwa upande wa bima na madai ya yule mama, Ayanle kwa upande wa jinai. Na masilahi yao yakigongana je? Akacheka mpaka miwani ikateleza. Hii ni Garissa, Hamdi, si darasani. Hawa ni bosi na mtu wake, wamekula sahani moja.

Rage akamalizia kwa Kiswahili, kwa ajili ya karani wetu anayetoka Mwingi: "Ni kesi kidogo tu. Tunaenda bole bole."

Kesho niende rumande nikamwandae Ayanle.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetoka rumande.

Nimemkuta Ayanle amekonda, ndevu hazijachanwa. Mtu mpole. Alisimama nilipoingia, kama vile mimi ni mkubwa wake. Nikaanza kazi niliyotumwa: nikamweleza shtaka, maana ya kukiri, kwamba hakimu atamsomea maelezo ya tukio na kumwuliza kama ni ya kweli. Nikamwomba anieleze jinsi ilivyokuwa, ili nijue.

Akaanza vizuri. Alikuwa anarudi kutoka mtoni kujaza maji, akasimama kando ya barabara, akarudi nyuma, hakumwona mama. Nikamwuliza kwa nini alisimama. Akasema Alasiri ilikuwa imeingia. Nikauliza, kwa hiyo ulisimama ukaswali, kisha ukapanda gari ukarudi nyuma? Akaanza kukuna ndevu. Nikarudia. Akafunika uso.

Hakupanda gari. Hakuwa nyuma ya usukani kabisa! Alikuwa juu ya mswala. Jelle, mtoto wa Rage, alikuwa amepanda naye siku ile kwa kutembea tu. Ufunguo ulikuwa kwenye gari. Jelle akahamia kwenye usukani, akawasha, akatia gia ya nyuma. Ayanle alisikia kilio akiwa kwenye sijda. Anasema mpaka leo hajui kama swala ile ilihesabiwa.

Jelle hana leseni. Sasa hivi hata Garissa hayupo — alipelekwa Eastleigh kwa shangazi yake wiki ileile.

Nikamwuliza Ayanle kwa nini alikubali. Akasema Rage alimshika mkono palepale barabarani, damu bado mbichi, akamwambia: mwokoe mtoto wangu, nami sitakuacha. Ana mke, Ruweyda, na watoto huko Takaba. Rage ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Angesemaje?

Halafu akaniambia, "Abaayo, dada yangu, usimwambie mtu. Wewe ni wakili wangu." Mimi! Wakili wake!

Jumatano, 10 Septemba

Alijua. Alijua!

Nilingoja Wakili amalize simu zake, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba tuna tatizo kubwa, mteja wetu anataka kukiri kosa ambalo hakulitenda. Nilidhani ataruka kitini. Hakuruka. Alipangusa miwani. Akaniuliza kama Ayanle amelia.

Kisha akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Bima ni mkataba. Mkataba unasema dereva awe na leseni. Bima wakijua kwamba aliyeendesha ni kijana asiye na leseni watakimbia, na mzigo wote wa Saynab utamwangukia Rage. Maboza yatauzwa. Na maboza yakiuzwa, Hamdi, nani atapeleka maji kwa bibi yako?

Bibi yangu! Amemtia bibi yangu ndani ya uwongo wake!

Nikamwambia Ayanle anaweza kufungwa. Haiwezekani, akasema, ni kosa la kwanza, atatozwa faini, Rage atalipa. Na leseni ikifutwa? Dereva asiye na leseni ni nani? Akasema Rage atampa kazi nyingine. Nikamwambia huku ni kuidanganya mahakama na kuibia bima, na sisi ndio tunaoshika kamba.

Hapo akainuka. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akasema: ulichosikia rumande ni siri ya mteja. Ukikipeleka kwa polisi, kwa bima, kwa hakimu, hata kwa mama yako, ni wewe utakayekuwa umevunja maadili ya uwakili, kabla hujaapishwa. Umesoma au hukusoma?

Nimesoma. Na kwa hilo ana haki! Siri ya mteja ni yake, si yangu. Nililipenda somo lile kuliko yote. Nilifikiri ni ukuta wa kumkinga mnyonge. Leo mtu ameuchukua ukuta uleule akanijengea seli.

Hata kuandika hapa, je, ni kosa? Basi na liwe. Nisipoandika nitapasuka.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijala vizuri. Hooyo ameona. Kauliza ni nani aliyeniudhi. Nikasema kazi. Akasema kazi ya kubishana na wanaume wazima haijawahi kumnenepesha mwanamke. Kisha, akikunja vitambaa vya kupeleka dukani, akasema Rage amemsalimia sokoni na kumwambia ana binti mwerevu.

Anatuma salamu. Naelewa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nimetoka hospitali.

Wakili alinituma na karatasi moja na kidau cha wino. Wazee wa pande mbili wamekaa, maslaha, suluhu yao ya kimila, imekwisha, ngamia wametolewa, sasa kilichobaki ni dole gumba la Saynab kuonyesha ameridhika na hana madai yoyote dhidi ya Rage, leo wala milele. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona kwa macho yangu. Nimjue mtu tunayemzungumza kila siku kama mzigo.

Nilitarajia mwanamke aliyevunjika. Nimekutana na simba! Ameketi kitandani, shuka limelala bapa pale mguu unapopaswa kuwa, anamgombeza muuguzi kwamba chai yao haina majani. Nikajitambulisha wazi: natoka kwa wakili wa Rage, mimi si wakili wako, hulazimiki kusema nami. Akanitazama juu chini. Akasema angalau wewe umeanza kwa kunisalimia.

Nikamsomea karatasi kwa Kisomali, neno kwa neno. Wakili aliniambia nieleze kwa ufupi tu. Sikueleza kwa ufupi. Nilipofika kwenye ngamia akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngamia wako wapi?"

Nikasema wamekabidhiwa kaka zake.

"Mguu ulikuwa wa kaka zangu?"

Nikakunja karatasi.

"Walikaa siku nzima kivulini wakaamua thamani yangu. Hata mmoja hakupanda ngazi hii kuniuliza nataka nini. Mimi ninauza maziwa, binti. Mtu akinunua maziwa yangu haendi kumlipa jirani."

Nikarudisha kidau cha wino kwenye mkoba. Makubaliano bila ridhaa si makubaliano, hilo hata mwaka wa kwanza analijua. Nikamwambia ana haki ya kutafuta wakili wake mwenyewe kabla ya kugusa karatasi yoyote. Hilo naruhusiwa kusema. Zaidi ya hapo nilitaka kuondoka. Wallahi nilikuwa nimeshasimama.

Akaniuliza, "Na huyo waliyemfunga, ni nani?"

Nikasema dereva.

"Dereva yupi? Yule aliyekuwa anaswali?"

Nikaketi tena.

Sikumwuliza kitu. Alisema mwenyewe. Alikuwa anavuka na vibuyu vyake vya maziwa, akamwona mtu ametandika mswala ubavuni mwa boza. Njia ya mkato ilipita mbele yake. Lakini mtu akiswali hupiti mbele yake, hiyo ni adabu, ni dini. Kwa hiyo alizunguka nyuma ya gari. Na gari likarudi.

Alizunguka kwa heshima ya swala ya Ayanle!

Nikamwuliza — na nina hakika hili sikupaswa — kama aliwaambia polisi. Akasema walikuja siku aliyokatwa mguu, yeye yuko kwenye dawa, wakamwuliza kaka yake mlangoni. Kaka yake ambaye siku ile alikuwa na mifugo Balambala! Aliyepokea ngamia!

Nilipoaga akanishika kitambaa. "Mwambie wakili wako dole gumba langu halijakatwa. Bado ni langu."

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemweleza Wakili yote. Kwamba Saynab hatatia dole. Kwamba Saynab anaweza kusema dereva alikuwa wapi.

Akafunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema: basi ni bora Ayanle akiri upesi. Akikiri, hakuna ushahidi utakaosikilizwa, na hakuna atakayemwita yule mama kutoa neno.

Nimeandika tena na tena maneno hayo kichwani tangu saa ile. Huyu anayesema hivyo ni wakili wa Ayanle! Ameambiwa kuna shahidi wa kumtoa mteja wake kifungoni, na akili yake ya kwanza ni namna ya kumziba shahidi. Kinachomwokoa mmoja kinamchoma mwingine, na yeye ameshachagua zamani nani achomwe. Yule mwenye maboza hachomwi.

Nikamwambia ajiondoe. Kesi zote mbili. Kila mtu apate wakili wake. Nikasema kwa adabu, nikamwita adeer. Akasema mwezi ujao ndipo atakapoandika kama nimehitimu uanagenzi au la, na angependa kuandika mazuri.

Mchana Ruweyda akapiga simu ofisini kutoka Takaba. Sauti ya mtu aliyetafuta sana namba. Anauliza je, aje? Amesikia mume wake anakwenda kukiri. Wakili, akiwa mbele yangu, akaonyesha kwa mkono: mwambie yuko salama, asijisumbue. Nikamwambia Ruweyda aje ikiwa anaweza, na amwombee. Nilitaka kumwambia jambo moja tu! Moja! Lakini siri ni ya mume wake, na nimeimeza kama mwiba.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefikiri usiku kucha na asubuhi nikaona kitu kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Siruhusiwi kumwambia polisi. Siruhusiwi kumwambia hakimu, bima, Hooyo, Ruweyda. Lakini Ayanle mwenyewe? Kumficha Ayanle habari za kesi yake, hilo ndilo kosa! Nani alinikataza kumwambia mteja kinachomhusu?

Nikaenda rumande. Sikuomba ruhusa.

Nikamweleza yote. Kwamba Saynab alimwona anaswali. Kwamba akikiri, ushahidi huo hautasikilizwa kamwe. Kwamba faini si ahadi ya mtu yeyote, hakimu ndiye anayeamua, na jela ipo, na kufutiwa leseni kupo. Kwamba Wakili Mohamednoor anamtetea Rage pia, na katika jambo hili Rage na yeye hawaendi njia moja. Kwamba ana haki ya kusimama mbele ya hakimu na kuomba wakili mwingine. Sikumwambia achague nini. Niliuma ulimi nisimwambie.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Swali lake la kwanza halikuwa la kesi.

"Alizunguka kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo.

Akalia bila sauti. Alikuwa akifikiri siku zote kwamba yule mama anamlaani huko hospitalini.

Kisha hofu ikamrudia. Rage alimtoa kwenye vumbi. Rage alimwoza. Akimtaja Jelle, nani Takaba au Garissa atampa usukani tena? Watasema alikula chumvi ya mtu akamuuza mtoto wake. Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Niko na hasira kwa niaba yake, lakini njaa si yangu, nitarudi nyumbani nikute wali.

Akasema, "Niache nifikiri, abaayo." Nikamwacha.

Jumatano, 17 Septemba

Wamejua nilikwenda rumande. Labda askari, labda ukuta. Wakili ameniita mwizi wa wateja. Ameniita hivyo mbele ya karani! Nikasema sijaiba kitu, nimemwambia mtu haki yake. Akasema haki, haki, haki, mdomo umejaa haki, na tumbo la nani litajaa?

Rage amekwenda nyumbani kwetu wakati nipo kazini. Aliketi kwa adabu, akanywa chai, akamwambia Hooyo kwamba mwanawe Jelle ni mdogo, amekosea, Mungu husamehe. Hakutishia. Alikuwa karibu kulia, Hooyo anasema. Nami namwamini. Ni baba. Ningemwelewa kabisa kama angemwokoa mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini anamwokoa kwa mkono wa Ayanle!

Nilimngoja Hooyo anigombeze. Alikuwa anapepeta mchele. Hajui kesi, sikumwambia, na hakuniuliza. Alisema tu, "Mtu mwenye haki hatembei nyumba kwa nyumba kuomba watu wanyamaze." Akaendelea kupepeta.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwenye benchi nje ya mahakama. Jua kali, watu wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Niandike haraka.

Kesi iliitwa asubuhi. Ayanle kizimbani, amechana ndevu. Ruweyda amefika, amesafiri mchana na usiku, vumbi bado liko kwenye ukingo wa buibui lake, mtoto mgongoni. Rage kiti cha mbele. Wakili Mohamednoor akasimama, akasema mteja wake anataka kubadilisha jibu. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ameelezwa na ameelewa. Wakili: "Tumezungumza naye kwa kirefu, mheshimiwa." Hajawahi kumwona! Hata mara moja hajakanyaga rumande! Nilikuwa nimeketi nyuma yake, mwanagenzi, nisiye na ruhusa ya kufungua mdomo mahakamani, kucha zimezama kwenye kiganja.

Karani wa mahakama akasoma shtaka kwa Kisomali. Kweli au si kweli?

Ayanle kimya.

Akasomewa tena. Kiongozi wa mashtaka akakohoa. Rage akageuza bakora mkononi. Kisha Ayanle akaacha Kisomali, akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani, moja kwa moja kwa hakimu:

"Mzee, hii wakili ni ya nani? Yangu ama ya Rage?"

Karani akashusha karatasi ya shtaka.

Hakimu akavua miwani. Akamtazama Wakili kwa muda mrefu. Hakusema mengi. Akaahirisha mpaka saa nane, akasema kabla ya hapo mshtakiwa azungumze na wakili wake, kama anaye.

Kama anaye!

Wakili ameshuka kwenye seli za mahakama, amerudi sasa hivi, kola imelowa. Ayanle amekataa kumwona. Anamtaka "ile msichana."

Wamenisimamia hapa wote wawili, Wakili na Rage. Ruweyda yuko hatua chache tu, anamnyonyesha mtoto, haondoi macho kwangu. Wakili ameinama mpaka nimesikia pumzi yake. Nenda, ameniambia. Wewe umeanza, wewe umalize. Mwambie aseme ukweli, twende nyumbani.

Nikamwuliza, kwa sauti, ili Rage asikie, "Nimwambie aseme ukweli?"

"Ndiyo! Ukweli!" Amesahau kabisa anachosema. Rage hakusahau. Rage ameinamisha macho chini, ameshika ukuta.

Nimesema sawa, adeer, nitamwambia hivyohivyo. Askari anatafuta ufunguo wa seli—